Picha ya Mashavu Yaliyojaa

Kibirichia, Jumapili alasiri

Kathure,

Umeenda na baba yako kumuaga nyanya, na namjua nyanya yako, hatawaachilia kabla hajawapakulia mukimo mara mbili. Kwa hivyo nina saa tatu hivi za kuandika bila mtu wa kunichungulia begani. Nimesukuma vyombo kando, nimekaa mezani. Kalamu ni ile yako nyeusi ya mtihani. Ukikuta wino umepungua, usinililie.

Sitakuandikia habari za kufua soksi wala za kufunga mlango kwa kufuli mbili. Una miaka kumi na tisa, na usipofua soksi wenzako wa chumbani watakuambia haraka kuliko mimi. Naandika kwa sababu ya vitu viwili nilivyovikuta asubuhi nikikupangia sanduku, wewe ukiwa kanisani. Cha kwanza ni bahasha ya vidonge vyako vya presha. Haikuwa ndani ya sanduku. Ilikuwa ndani ya mkebe wa kakao, juu ya kabati, nyuma ya ile sufuria kubwa ya sherehe. Hapo mtu haweki kitu anachotaka kusafiri nacho. Cha pili ni fomu ya kile chuo cha umeme cha Embu. Pale wanapouliza kama una ugonjwa wowote wa kudumu, umeandika Hapana. Tena kwa mwandiko mzuri, na ukapiga mstari chini yake.

Nilikasirika, mtoto wangu. Nilitoka nje nikaanza kupasua kuni ambazo hazikuwa na haja ya kupasuliwa, mpaka jirani akauliza kwa juu ya ua kama tuna matanga. Nilikuwa nimejiambia nitakungoja hapo mlangoni na utajua mimi ni mama yako. Halafu nikaingia kunywa maji, nikainua macho, nikaiona ile picha ukutani. Hasira ikanitoka yote, nikaketi. Kwa sababu hiyo Hapana si wewe uliyeianzisha. Ni mimi.

Ile picha unaijua kama unavyojua mkono wako. Una miaka tisa, umevaa gauni la manjano, nyuma yako kuna kile kitambaa cha mpiga picha kilichochorwa maporomoko ya maji. Mashavu yamejaa mpaka macho yamebaki mistari. Kila mgeni anayeingia hapa husimama mbele yake na kusema, "Heee! Hapa mtoto alikuwa amenawiri!" Nami hujibu, "Ni chakula tu, ni kudra ya Mungu." Nimejibu hivyo miaka kumi. Unajua uliugua ukiwa na miaka tisa. Unajua ulilazwa Meru. Lakini hakuna mtu aliyewahi kukuambia picha hiyo ilipigwa lini, kwa sababu anayejua ni mimi na mjomba wako Njiru, na Njiru alininyamazia kwa heshima.

Wacha nianzie huko chini kwetu, maana ndiko kiburi changu kilikotoka.

Mimi ni mtu wa Gachoka. Nimekulia kwa ndengu na mbuzi, na miaka ambayo mvua inakuja siku tatu inasema kwaheri. Nilikuwa mwembamba hata mwalimu wa hesabu akawa anasema nikikaa pembeni haoni dawati likiwa na mtu. Baba yako aliponileta huku, kaka yangu Njiru alikataa mbele ya wazee wote. "Huko juu ni ukungu na waru," alisema, akivibeza viazi vya huku. "Mtoto wa mtu analelewa na waru? Mtakuja kuniletea huyu msichana akiwa mifupa." Niliondoka nimeuma meno. Nikaapa kwamba siku moja watu wa kwetu wataona nilichozaa huku juu na wafunge midomo.

Halafu nikakuzaa wewe. Kifua leo, kamasi kesho. Kila nilipokupeleka Gachoka walikuinua kama wanaopima kuku sokoni, wanaangaliana, na mmoja lazima aulize, "Kwani huko hamli?" Haki ya Mungu, Kathure, hayo maneno matatu yaliniuma kuliko uchungu wa kukuzaa.

Sasa, mwaka huo una miaka tisa, ukaja ule mwezi wa saba ambao ukungu haujui kuondoka. Ukaumwa koo. Hukuweza kumeza hata uji. Nilikuchemshia limau na asali, nikanunua vidonge dukani bila kupimwa, ukameza siku mbili, koo likapoa, nikaviweka vilivyobaki kwa ajili ya siku nyingine. Na kwa sababu ulikuwa na homa, nilikukatia nusu ya vile vidonge vyangu vya mgongo. Wakati huo nilikuwa naokota viazi kwa shamba za watu, nimeinama asubuhi mpaka jioni, na vidonge hivyo vilikaa kwa mfuko wa aproni yangu kama pipi. Nilimeza kila siku. Niliona kama ni bidii.

Ukapona, ukarudi shule. Baada ya wiki mbili hivi, asubuhi moja ukaamka uso umejaa.

Nilifurahi, ndiyo nakwambia. Nilikusimamisha dirishani nikakuangalia nikasema, hatimaye! Ile supu ya mifupa imefanya kazi. Nikaongeza supu, nikaongeza chumvi ndiyo uipende. Jumapili kanisani akina mama wakakufinya mashavu, "Mama Kathure, umempa nini huyu?" na mimi nikatembea nje ya kanisa shingo imesimama. Mpiga picha alikuwa hapo nje na kitambaa chake. Nikamwita. Nakala mbili. Moja ya ukutani, na moja nikaituma Gachoka kwa mtu aliyekuwa akishuka kununua ndengu. Nyuma yake niliandika hivi, kwa mkono wangu: *Mwambieni Njiru huyu ndiye mtoto wa waru.*

Wewe ulisema, Kathure. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo. Uliniambia, "Mami, viatu vimenibana," nikasema unakua. Uliniambia, "Mami, susu yangu ni kama strungi," rangi ya chai isiyo na maziwa. Nikakujibu ni bitiruti. Unakumbuka zile bitiruti zilizokataliwa na wanunuzi huko Timau kwa sababu ya umbo, jirani akatuletea gunia? Tulikuwa tunazila kweli, na kweli mkojo wa mtu aliyekula bitiruti hubadilika. Lakini gunia lilikuwa limeisha siku nyingi, na mimi nilijua limeisha. Kulikuwa na mtoto wa miaka tisa mwenye macho mazuri ya kuona na mdomo wa kusema, na mama mwenye masikio aliyekuwa akisubiri jibu kutoka Gachoka.

Jibu lilikuja kwa miguu yake. Siku ya kumi hivi tangu nitume picha, Njiru akatokea hapo langoni na mfuko wa ndengu, amevaa koti mbili kwa sababu ya baridi yetu. Nilikuja kumpokea nikicheka, nikijua amekuja kukubali ameshindwa. Hakucheka. Alisema, "Nimeona picha. Sikulala vizuri. Mtoto yuko wapi?"

Ukaja kumsalimia. Akakuangalia macho, kope ya juu, kope ya chini. Akainama chini kwa ile njia yake ya kukagua ng'ombe, akashika mguu wako, akabonyeza hapa mbele kwa mfupa na kidole gumba, akahesabu kimyakimya, akaachilia. Pakabaki shimo. Kidole kimetoka na shimo limebaki, Kathure, kama ukibonyeza unga uliokandwa.

"Huyu hajanona," akasema. "Amevimba. Ng'ombe akifanya hivi kwangu simngojei mpaka kesho."

Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia mtoto wangu si ng'ombe wa huko kwetu Mbeere. Nikamwambia hiyo ni wivu. Nikamwambia, "Ulinizuia kuolewa, umeshindwa, sasa umekuja kuniharibia mtoto kwa mdomo." Alijaribu kuongea, nikapandisha sauti mpaka baba yako akatoka shambani kuangalia. Ndugu yangu wa tumbo moja, aliyepanda mlima na makoti mawili, aliondoka kwangu bila kunywa chai. Alitua ndengu zake langoni akaondoka. Sijawahi kumfukuza hata mtu wa kuuza mitungi bila chai.

Siku ya nne baadaye ulianguka darasani. Kichwa kilikuwa kimekuuma tangu asubuhi, mwalimu akasema, halafu ukaanza kutetemeka mwili mzima, macho yamegeuka.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo tunafanana.

Hospitalini Meru, daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, alinikalisha akaniuliza maswali. Aliuliza, "Amekuwa na uvimbe siku zilizopita?" Nikasema hapana, ni jana tu. Akauliza, "Mkojo umebadilika rangi?" Nikasema hapana. Akauliza, "Aliumwa koo ama kuwa na vidonda vya ngozi hivi karibuni?" Nikasema hapana. Hapana tatu, mfululizo, kwa uso mkavu. Sikuwa nimesahau. Niliona aibu. Niliona yule mama na miwani yake atanitazama na kufikiri, huyu ni mama wa aina gani, mtoto amevimba wiki tatu na yeye anapiga picha.

Presha yako walipima wakaikuta juu sana, wakaanza kuishusha. Lakini ilianzia wapi, hawakujua. Mkojo haukutoka hata tone la kupima. Walilazimika kutafuta kila mahali. Wakakupima malaria. Wakakukunja ubavu kama kifaranga, wakakutoboa mgongo kwa sindano ndefu kutafuta ugonjwa wa uti wa mgongo, na mimi nikiwa nimekushika miguu wewe ukinililia, "Mami waambie waache." Sindano ile haikuwa ya daktari. Ilikuwa yangu, ilikuwa ya zile Hapana tatu.

Jioni ukatetemeka mara ya pili. Nilikuwa nimekumbatia Biblia, na ndani ya Biblia kulikuwa na ile picha ya ukutani, maana sikuwa nimepata fremu. Nikasimama. Nikamfuata daktari kwenye kona ya wodi, nikamwekea picha mkononi.

Akaiangalia. "Hii ilipigwa lini?"

"Wiki mbili na nusu."

"Na koo?"

"Aliumwa. Kabla ya hapo. Na mkojo ulikuwa kama strungi. Nilikudanganya, daktari."

Nilingoja anitukane. Alishusha pumzi, akasema, "Asante, mama. Sasa najua ninapigana na nini." Akaondoka karibu akikimbia.

Kesho yake alinieleza, na nataka uyasikie kwangu, si kwa watu. Alisema figo ni chujio. Damu yote inapita hapo, uchafu unatoka na mkojo, kizuri kinarudi. Vile vidudu vya koo viliondoka, lakini vitu ambavyo mwili ulitengeneza kupigana navyo vilibaki kwenye damu, vikaenda kukwama kwenye yale machujio madogo madogo, nayo yakavimba. Chujio la chai likiziba, unajua linavyofanya. Maji hayapiti, yanapanda yanamwagika kando. Ndiyo uso ukajaa maji, ndiyo presha ikapanda mpaka kichwani. Na pale chujio lilipochanika, damu ikapita, ndiyo ile strungi.

Nilimuuliza, "Ni mimi?" Alisema ukweli, namheshimu kwa hilo. Alisema koo la mtoto si kosa la mama, na hata ungemeza dawa hadi kidonge cha mwisho, labda ingetokea tu vilevile. "Lakini ungemleta asubuhi ya kwanza uso ulipojaa," alisema, "hangeanguka." Niliyatupa maneno ya kwanza nikayashika ya mwisho. Leo nimeyaokota yote mawili, maana yote ni ya kweli.

Halafu akaniuliza ni dawa gani nyingine ulimeza. Nikatoa pakiti kwenye aproni. Aliishika kwa vidole viwili. Alisema hizi za maumivu, ukizimeza kila siku kama mimi, ama ukimpa mtoto ambaye figo zake zimeshaanza kuumia, zinazichoma zaidi. Alisema njia za kuvimbisha figo ni nyingi: koo, vidonda vya ngozi vilivyoachwa, ugonjwa wa mkojo unaoachiwa kupanda juu, vidonge kama hivi, mizizi ya kuchemsha ya mtu asiyejua anachochemsha, na wakati mwingine mwili unajigeukia wenyewe bila mtu yeyote kukosea. Nilienda kwenye pipa la wodi nikaitupa ile pakiti na sijanunua nyingine. Mgongo ukiniuma nalala chini sakafuni, na viazi vinanisubiri.

Utakutana na hizo pakiti, Kathure. Kazi ya umeme ni ya mgongo na mabega, na fundi mwenzako mwenye roho nzuri atakutolea kidonge mfukoni aseme meza hii, utapanda nguzo kama nyani. Usimkasirikie. Mwambie figo zako hazipatani nazo. Mwambie hivyo kwa sauti, mbele ya wengine.

Tulikaa hospitali wiki tano. Nilijifunza kupima mkojo kwa chupa na kuandika kwenye karatasi. Siku ambayo chupa ilijaa mpaka mstari wa juu nililia nikiishika mbele ya wodi nzima, na akina mama wakapiga makofi. Uso ulishuka. Ukarudi kuwa mwembamba, na nilikuona mrembo ajabu.

Na baada ya kuyaona hayo yote, mimi mama yako nilirudi nyumbani, nikanunua fremu, nikapigilia msumari, nikaitundika ile picha.

Utauliza kwa nini. Kwa sababu shangazi yako Karimi alikuja siku ya pili. Nyanya alikuwa hapo akinong'ona kwamba labda kuna kitu kimetumwa kutoka huko kwetu chini, na hilo nililimaliza papo hapo. Lakini Karimi alisema neno lililoniingia. "Msitangaze. Nani ataoa msichana wa figo? Semeni ilikuwa malaria." Nikasema sawa. Nikatundika picha ili mtu akiingia aone mtoto mnene, asiulize. Ulikuwa na kidonge kimoja kila siku, kipimo cha mkojo kila baada ya miezi mitatu, na mama anayekuambia ukimeze jikoni, si mbele ya wageni. Nilikufundisha vizuri. Umekuwa hodari wa kuficha kuliko mimi, na mkebe wa kakao ulikuwa mkebe wangu kabla haujawa wako.

Kwa Njiru nilienda mwaka uliofuata. Nilimkuta akiwakamua mbuzi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, nikafika nikasema, "Kaka, niliona shimo. Siku ile. Niliona limebaki." Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua uliona. Ndiyo sababu ulipiga kelele." Halafu akaniita ndani, akanipikia chai yeye mwenyewe, nyingi, mbaya, ina moshi, nikainywa yote. Tangu hapo kila Jumapili ananipigia simu, na kabla ya salamu anauliza, "Umebonyeza?" Ndiyo maana kila Jumapili jioni nilikushika mguu, hata ulipofika kidato cha pili ukaanza kunisukuma, "Mathe, aki mimi si ng'ombe!" Ulinichekesha na kuniumiza kwa wakati mmoja, maana hayo yalikuwa maneno yangu.

Sasa, fomu.

Najua nani alikuambia uandike Hapana. Nimempigia Karimi leo saa sita. Hakukana. Alisema, "Nimemlinda! Wakijua hawatampandisha nguzo, watamweka ofisini kupanga makaratasi, ama wamrudishe." Nikamwambia, Karimi, wewe na mimi tumemlinda huyu mtoto miaka kumi mpaka amejifunza kuacha dawa yake juu ya kabati. Ulinzi wa aina hiyo nimeuchoka. Akasema nitaharibu maisha yako. Nikamwambia niliwahi kuyaharibu kwa neno hilo hilo la Hapana na najua linavyofanya kazi, yeye hajui, hakushika miguu siku ya sindano. Alikata simu. Akija na uso wake wa mawingu nitampa chai, na jibu langu litakuwa lile lile.

Usinielewe vibaya. Sikuzuii. Wako watu huku wanaosema mtoto mwenye figo mbaya akae karibu na mama, aolewe hapa hapa kama atapata, auze nyanya. Mimi nasema nenda! Panda nguzo. Vaa ule mkanda, panda mpaka juu, uangalie chini uone watu wadogo. Sijakesha hospitali wiki tano ili uje kukaa kwa kiti changu. Presha yako inatulia ukimeza dawa, daktari amesema mwezi uliopita, ulimsikia, alisema kazi yoyote unaweza mradi upimwe na umeze. Kinachoweza kukuangusha kutoka kwa nguzo ni presha uliyoificha, ukiwa juu, kichwa kikaanza kuuma kama kilivyouma darasani, na hapo chini wenzako wote hawajui waambie daktari nini. Waulizwe, ana ugonjwa? Waseme hapana. Nami niko Kibirichia nachimba viazi.

Naliona hilo, Kathure, kila nikifunga macho. Ndicho kitu pekee ninachoogopa kwa safari hii. Ajali za barabarani siziogopi, wavulana siwaogopi, wavulana wakuogope wewe.

Usijikaze. Nilikulea kwa neno hilo, jikaze, jikaze, na lilikuwa neno baya. Ukiumwa koo, pimwa. Mkojo ukichoma, usione haya kusema. Ukibadilika rangi, usitafute bitiruti. Ukibonyeza mguu na shimo likabaki, usingoje kesho. Na mtu mwenye maneno ya Karimi akikukuta huko Embu, awe mwalimu, awe rafiki, awe kijana unayempenda, mwambie ugonjwa wako kwa jina na umtazame machoni. Akiondoka, amekupunguzia kazi.

Leo nilipomaliza kuongea na Karimi nilivaa gambuti nikashuka sokoni, pale saiba kwenye kompyuta za kukodi. Yule kijana alinichapishia fomu nyingine ya chuo, safi. Nimeijaza jina lako, la baba yako na la kwangu. Ile sehemu nimeiacha wazi, maana mkono wa kuandika hapo si wangu. Ile ya zamani iko hapa mezani, sijaichana. Uchane wewe, ama uende nayo. Wewe ni mtu mzima na mimi siwezi kukaa ndani ya sanduku. Wakikukataa kwa sababu ya ukweli, nipigie. Nitapanda gari la kwanza na hizi gambuti zangu na matope yake nije niwaeleze, na kama wanangojea mama wa kupiga kelele, wamempata.

Vidonge nimevitoa kwenye mkebe. Viko juu kabisa ya sanduku, juu ya nguo, mahali hata mtu akifungua kwa bahati mbaya ataviona. Chini yake kuna picha. Nimeitoa ukutani, na fremu yake. Mwonyeshe daktari yeyote utakayempata huko, mwambie, hii ndiyo sura yangu figo zikivimba, mama yangu alidhani nimenona. Nimegeuza nyuma nikaandika kwa kalamu yako maneno ambayo ningepaswa kuandika miaka kumi iliyopita. Utayasoma.

Ukutani umebaki msumari na alama nyeupe. Jirani amepita sasa hivi kuomba chumvi, akasimama hapo akauliza, "Mama Kathure, picha ya mtoto iko wapi? Ile alikuwa amenawiri?"

Nikamwambia, "Hakuwa amenawiri. Alikuwa mgonjwa wa figo, na bado anameza dawa, na kesho anaenda kusomea umeme."

Halafu akavuta kiti, akaketi, akapandisha rinda, akanionyesha mguu wake na kuniuliza niubonyeze.

Nakusikia langoni, unacheka na baba yako. Fomu iko chini ya barua hii. Wino umebaki wa kutosha neno moja.

Mama yako, mtu wa Gachoka